Risiti Iliyokaa Kwenye Begi

 

Nyumbani kwangu hapa Dar es Salaam, juu ya kabati la nguo, lilikaa begi jeusi kwa muda wa miaka minne na ushee. Ndani yake mlikuwa na kamera, lenzi mbili, taa ya kumulikia, chaja, na karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne. Karatasi hiyo ni risiti. Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya risiti hiyo, kwa sababu naamini wengi wenu mnayo ya kwenu. Pengine si ya kamera. Pengine ni ya gitaa, au kinanda, au baiskeli ya gia, au oveni na mashine ya kukandia unga ulizonunua mwaka ule ulipojifunza keki. Ni kitu ulichokipenda, ukakinunua kwa jasho lako, ukakitumia, kisha maisha yakageuka. Sasa kimekaa. Kila siku unasema utakiuza. Na mtu akija kuuliza bei, unamtajia bei ya kumfukuza.

Mimi nilifukuza watu kwa miaka minne. Acha niwasimulie.

Kamera niliinunua Januari 2015, katika duka moja la Kariakoo. Ilikuwa Nikon D750, ambayo ilikuwa imetoka miezi michache tu kabla, mwaka 2014. Dola moja wakati huo ilikuwa shilingi 1,700 na kitu. Kamera peke yake ilinigharimu shilingi 4,400,000. Lenzi kubwa, 2,100,000. Lenzi ndogo, 450,000. Taa, 900,000. Stendi ya miguu mitatu 300,000, na begi lenyewe 150,000. Jumlisha: shilingi 8,300,000. Nilikuwa nimeziweka akiba kwa karibu miaka mitatu, na mke wangu alijua kila shilingi. Nalitaja hili kwa sababu najua nyumba ambazo bei ya kitu kama hiki imefichwa, na siri ya namna hiyo huongeza uzito siku ya kukiuza: mtu hataki kukubali hasara kwa sababu akiikubali itambidi aitaje.

Sikuwa mpigapicha wa harusi. Sikuwahi kulipwa hata senti kwa picha. Yalikuwa mapenzi tu. Kila Jumamosi alfajiri nilikuwa Feri, wavuvi wakishusha samaki, au Kunduchi ngalawa zikirudi, au nakwenda Bagamoyo kwenye magofu ya Kaole, nikisubiri jua lipande kidogo juu ya makaburi yale ya kale. Nilifanya hivyo kwa miaka sita. Mwaka 2020 mgongo ukaanza kunisumbua, na kubeba begi la kilo nne kutwa nzima ikawa adhabu. Nikapunguza. Nikaacha. Begi likapanda juu ya kabati.

Mwaka 2021 alikuja ndugu mmoja anayepiga picha za harusi. Akaitaka kamera peke yake, bila lenzi, kwa shilingi 1,800,000. Mimi nilitaka milioni tatu. Nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa kali, "Ndugu yangu, unajua mimi nimeinunua kiasi gani?" Nikaitoa ile risiti kwenye begi nikamwonyesha. Aliisoma kwa heshima, akanirudishia. Kisha akasema neno ambalo sikulielewa siku ile: "Kaka, nakuamini. Ila mimi sinunui ile ya 2015. Mimi nanunua hii."

Akaaga, akaenda zake. Nikabaki nimekasirika, kama mtu aliyedhulumiwa.

Msikilizaji, hebu tulitazame neno la yule bwana, maana limebeba kila kitu. Kulikuwa na kamera mbili katika mazungumzo yetu. Moja ilikuwa mpya, ndani ya boksi lake, juu ya meza ya kioo Kariakoo, na kila mpigapicha mjini anaiulizia. Hiyo ndiyo niliyokuwa naiuza mimi kichwani mwangu. Ya pili ilikuwa imekwisha kupiga picha elfu thelathini na nane, mpira wa kushikia umeanza kulegea, na imepitwa na wenzake. Hiyo ndiyo iliyokuwa mezani. Nilikuwa namdai mnunuzi fedha ambazo hakukopa kwangu. Fedha zile nilimpa mwenye duka, kwa hiari yangu, miaka sita nyuma, naye alinipa kamera. Hesabu yetu iliisha pale pale. Huyu bwana wa harusi aliingiaje katika deni hilo?

Na soko lilikuwa na sababu zake. Mwaka 2013 Sony walikuwa wameleta kamera za kihisi kikubwa zisizo na kile kioo cha ndani kinachoinuka, na mwaka 2018 Nikon na Canon nao wakafuata, kila mmoja na mlango mpya wa lenzi. Wapigapicha wa harusi na wa matangazo wakaanza kuhamia huko. Walipohama, walitoa kamera zao za zamani sokoni kwa pamoja, na bei ikateremka. Kamera yangu haikuwa imefanya kosa lolote. Ilipiga picha vilevile kama siku ya kwanza. Lakini bei ya kitu kilichotumika haipangwi na uzuri wake peke yake. Inapangwa na wingi wa wanaokiuza na uchache wa wanaokitaka.

Mimi sikutaka kusikia hayo. Nilijiambia, nitangoja, bei itapanda. Vifaa vya umeme havipandi bei kwa kungoja. Tena sisi wa pwani tuna adui mwingine. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na lenzi iliyofungiwa gizani ndani ya begi la kitambaa huota kuvu. Kuvu hutambaa juu ya kioo kama utando wa buibui, hula lile tabaka jembamba lililopakwa juu yake, na ikifika ndani kabisa hata fundi hawezi kuisafisha ikarudi kama ilivyokuwa. Wapigapicha wanaojua huweka vifaa vyao kwenye sanduku linalofunga vizuri, pamoja na vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu, na hutoa lenzi mara kwa mara ikapata mwanga. Mimi nilijua yote hayo. Sikuyafanya, kwa sababu begi lilikuwa limekuwa kitu ambacho sipendi kukitazama. Betri nazo, ukiziacha zimekwisha chaji miaka nenda rudi, hufa. Kwa hiyo huku nalinda ile bei ya kwenye risiti, chombo chenyewe kilikuwa kinaoza taratibu.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu, na chombo walichokitumia kilikuwa kikombe cha kawaida, magi ya kahawa. Nusu ya wanafunzi walipewa kikombe wakaambiwa, hiki ni chako, unaweza kukiuza. Nusu nyingine hawakupewa, wakaulizwa wangekinunua kwa kiasi gani. Waliopewa walitaka karibu mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa. Kumbuka, hawa hawakutoa hata senti. Kikombe kilikuwa chao kwa dakika chache tu. Ikiwa dakika chache zinaweza kumfanya mtu akione kikombe kina thamani maradufu, je, kamera uliyoiwekea akiba miaka mitatu, ukaibeba miaka sita, ukampigia nayo mama yako picha? Nilipolisoma hilo nilipata nafuu kidogo. Nilikuwa nimejilaumu kwa tamaa, kumbe ni maumbile ya binadamu. Kilicho mkononi mwetu tunakiona kikubwa, na kukiachia kunatuuma kuliko ulivyotufurahisha ujio wake.

Lakini somo kubwa zaidi liko hapa hapa kwetu, katika ardhi ya Kongwa, mkoani Dodoma.

Wazee wanaukumbuka mpango wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Serikali yake ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa kipimo ambacho hakikuwahi kuonekana: zaidi ya ekari milioni tatu, kwa makadirio ya pauni milioni 25 hivi. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa, mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Wagogo waliokuwa wakiishi pale waliijua ardhi ile. Ni ardhi yenye udongo wa mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji. Mibuyu ilikataa kung'oka. Vichaka vya miiba vilivunja majembe ya chuma. Mvua haikufuata ratiba ya London.

Dalili zilionekana mapema. Mwaka wa kwanza tu zilitosha kumwambia mtu mwenye macho kwamba hapa hapatoki karanga za kiasi kile. Lakini fedha zilikuwa zimekwisha kutolewa, na fedha zilizotolewa zina sauti yake. Zinasema: ukiacha sasa, umetupoteza bure. Wakaongeza nyingine. Wakapunguza lengo la ekari, wakaongeza fedha tena. Hadi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilipotangaza kwamba mpango umefutwa na kuandika hasara ya pauni milioni 36 na nusu.

Sasa jiulize, hasara hiyo ilipatikana lini? Karani aliyeandika tarakimu ile mwaka 1951 hakupoteza pauni hata moja. Pauni zilikuwa zimepotelea kwenye udongo wa Kongwa mwaka 1947, 1948, 1949, siku baada ya siku, kila trekta lilipovunjika. Siku ya kuandika ilikuwa siku ya kukubali tu. Na mimi nilikuwa naiogopa siku ya kuuza kamera kana kwamba siku hiyo ndiyo itakayoninyang'anya mamilioni yangu, wakati mamilioni yale yalikwisha kuondoka zamani, sehemu kubwa dakika ile ile nilipotoka dukani na boksi kwapani.

Tena angalia kilichofuata. Walipoacha kuidai karanga ardhi ile, ardhi ikapata matumizi yanayoifaa. Sehemu ya Kongwa leo ni ranchi ya ng'ombe. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga zile, inasafirisha korosho hadi sasa. Reli ya kutoka bandarini kwenda Nachingwea ilikuja kung'olewa, ni kweli, si kila kitu kiliokoka. Lakini vilivyookoka viliokoka kwa sababu watu waliacha kuvitazama kwa jicho la pauni milioni 36.

Kiswahili kina msemo ambao sote tunausema bila kuusikiliza: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele ni ugonjwa, na kuganga ni kutibu. Msemo haudai kwamba yaliyopita hayakuuma. Unasema hayatibiki tena, dawa uliyonayo ipeleke panapotibika. Upo msemo mwingine wa mjini, hasara roho, pesa makaratasi. Huo mimi siukubali wote. Kwa mtu anayeishi kwa mshahara, milioni nane si makaratasi. Ni ada za watoto, ni bati la nyumba. Sitaki nikudanganye kwamba kuachia hakuumi. Kunauma. Ila maumivu hayo unayapata mara moja, na ukikataa kuyapata siku moja utayapata kidogokidogo kila unapolitazama kabati.

Jioni moja nilichukua kalamu nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mwaka 2021. Nilitarajia kuuza vyote kwa shilingi 1,800,000 hivi, isipokuwa lenzi ndogo ambayo nilitaka ibaki nyumbani. Toa hiyo kwenye 8,300,000, inabaki 6,500,000. Nilikwenda na kamera hiyo Jumamosi za miaka sita, ambazo ni zaidi kidogo ya 310. Gawanya. Inakuja kama shilingi 21,000 kwa kila Jumamosi. Kwa shilingi 21,000 niliona jua likichomoza Kunduchi. Nilijifunza kusubiri. Niliwajua wavuvi kwa majina, na wengine nilihudhuria arusi za watoto wao. Na nilipata picha ya mama yangu akichambua mchele barazani Pangani, mwanga wa saa kumi ukimwangukia begani, mwaka mmoja kabla hajatutoka. Picha hiyo iko ukutani sebuleni. Sijui ningeiwekea bei gani.

Kwa hiyo zile milioni sita na nusu hazikupotea. Nilizila, kama mtu anavyokula chakula. Hakuna anayemaliza pilau akamdai jirani amrudishie bei ya mchele.

Najua kuna msikilizaji atakayesema, wewe ulifurahia, mimi je? Mimi nilinunua gitaa nikalipiga wiki mbili. Nakusikia, na swali lako ni zito kuliko langu. Jibu langu ni kwamba hata kama hukufurahia hata siku moja, fedha ile iko pale pale ilipo: kwa mwenye duka. Kulikumbatia gitaa hakuirudishi. Jiulize jambo moja tu. Leo hii, kama ungekuwa na ile fedha ambayo watu wanakupa kwa gitaa lako, tuseme laki moja na nusu mkononi, ungekwenda kununua gitaa hilo? Kama ungekwenda, lisiuzwe, litoe vumbi ulipige. Kama usingekwenda, basi kila siku unayolibakiza ni sawa na kulinunua tena kwa laki moja na nusu.

Lakini jamani, kuachia fedha iliyokwenda si kumwachia dalali. Hapa nataka nieleweke vizuri. Dalali ana pua. Akikuona umechoka na kitu chako, atakutajia nusu ya bei ya soko, na atakwambia hakuna anayenunua siku hizi. Usiitazame risiti yako, lakini litazame soko. Uliza bei kwa watu watatu au wanne wanaofanya kazi na kifaa hicho, ujue kinauzwa ngapi kikiwa kimetumika kama chako. Kisafishe. Sema ukweli wa kasoro zake kabla hujaulizwa. Kisha taja bei ya leo na uisimamie.

Ndivyo nilivyofanya mwaka 2025. Kamera niliitaja 1,100,000, lenzi kubwa 650,000, taa 150,000. Yule bwana wa 2021, mkumbuke, alikuwa tayari kunipa 1,800,000 kwa kamera peke yake. Laki saba ndizo nilizolipa kwa kuitunza risiti miaka minne.

Wakati nangoja mnunuzi nilikuwa nikimwaza mpigapicha Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia na kusoma hapa Dar es Salaam, na mwaka 1963 akaanzisha hapa hapa kampuni yake ya Camerapix. Picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu. Kamera yake ya kwanza, akiwa mvulana wa shule, ilikuwa Box Brownie ya mtumba. Mimi humfikiria yule aliyeiuza. Alikuwapo mtu, hatumjui jina, aliyekuwa na kamera asiyoitumia, akaiachia kwa bei ambayo mtoto wa shule aliimudu. Angeshikilia bei aliyonunulia, mtoto yule angekwenda mikono mitupu siku ile.

Alikuja kijana kutoka Mbagala, pamoja na kaka yake. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, karibu ndani." Alikuwa anaijua kazi. Aliifunga lenzi kwenye kamera, akaisikiliza inavyolenga. Akauliza imepiga picha ngapi, nikamwambia 38,000, akatikisa kichwa kuridhika, maana kifungio cha kamera ile kilipimwa kiwandani kwa picha 150,000. Kisha akaivua lenzi, akawasha tochi ya simu, akamulika mwangaza kupitia kioo cha nyuma, akanyamaza.

"Baba, kuna kuvu hapa pembeni. Kidogo tu."

Nilikwisha kuiona. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu, lakini alitaka kuithibitisha kwa macho yake, na alikuwa na haki. Tukapunguza laki moja kwenye lenzi. Ikawa 550,000. Kwa jumla 1,800,000, stendi na begi juu yake. Akanitumia kwa simu, ujumbe ukaingia. Nikampa chaja, nikampa vile vifuko vya kunyonya unyevu, nikamweleza asiifungie gizani kama nilivyofanya mimi.

Alikuwa amekwisha kulivaa begi begani alipogeuka. "Samahani baba, risiti ipo? Ya zamani tu, hata kama imechakaa. Siku hizi ukikamatwa na kitu cha thamani njiani, usipokuwa na karatasi ni shida."

Nikaifungua zipu ya mfuko wa mbele, nikaitoa, nikaikunjua kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya 2021. Karatasi za mashine hufifia kwa joto. Tarakimu zote zilikuwa zimekwenda, ile 4,400,000 haikusomeka tena, imebaki kivuli cha kijivu. Lakini nyuma yake muuzaji wa Kariakoo alikuwa ameandika namba ya kamera kwa kalamu ya wino wa bluu, na muhuri wa duka juu yake. Kijana akaigeuza kamera, akailinganisha namba moja moja, akisoma kwa sauti, mimi nikimwitikia. Zilikuwa sawa. Akaikunja tena mara nne, akaiweka mfukoni mwa shati.